Panga Lazima Lilie

14 Septemba

Mvua ya kwanza imenyesha leo, nami nimeanza kuandika. Daftari hili ni la Hisabati, nimeligeuza tu nyuma mbele. Mwalimu wa Hisabati alishuka kilima mwezi wa tatu kwenda kutafuta ndugu zake na hajarudi, kwa hiyo sidhani kama atalidai.

Naitwa Mackrine, nina miaka kumi na miwili, naishi Ihembe na bibi yangu, Bibi Benadeta, mama yake Baba. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo. Baba hayupo. Alikuwa mjini Rubwera akiendesha bodaboda Kimya kilipotukuta, na tangu hapo hatujui kama yu hai. Ninaandika ili akirudi nisisahau kumsimulia hata jambo moja.

Kimya ndilo jina tulilolipa janga lenyewe. Usiku mmoja wa mwezi wa pili mbingu iliwaka nyekundu mpaka alfajiri, kama kuna mtu anachoma nyasi nyuma ya dunia. Kulipokucha simu zilikuwa zimekufa. Redio, pikipiki, magari, mashine ya kusaga, vyote kimya. Tukasema kesho vitapona. Tukasema wiki ijayo. Sasa hatusemi.

Kisha watu wa mjini waliishiwa chakula, wakaanza kupita vilimani na mapanga wakikata mikungu popote walipoiona. Ndipo mnyauko ulipoenea. Ni ugonjwa wa migomba, na unasafiri kwenye panga. Panga likikata mgomba mgonjwa kisha likagusa mzima, huo mzima nao umekwisha: majani yanageuka njano, mkungu unaoza ungali juu. Ukisimama nyuma ya kanisa letu unaviona vilima vya ng'ambo vimekuwa rangi ya nyasi kavu. Chetu tu ndicho kijani.

Ni kijani kwa sababu ya moto. Nitaeleza kesho. Giza limeingia na mafuta ya taa ni hadithi ya zamani.

15 Septemba

Moto uko kwenye lango la kilima, njia panda, chini ya kibanda cha mabati. Unawaka mchana na usiku, mvua ije isije. Hakuna panga linaloingia kilimani bila kupita motoni. Linakaa humo mpaka ukilidondoshea maji linalia: chwiii! Likilia, pita. Lisipolia, rudisha. Na kila kibanja, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, kina moto wake mdogo mlangoni kwa ajili ya majirani.

Sheria hii ni ya Mama Restuta. Ni mtu wa Muleba, alikuwa na duka barabarani, na tangu Kimya amekuwa mwenyekiti wa kilima ingawa sikumbuki nani alimchagua. Sauti yake inaweza kukausha nguo. Anayeingiza panga lisilolia, anasema, atavuka kijito akaishi ng'ambo mpaka mvua zikatike, hata akiwa mtoto wake wa kumzaa. Na kila shina aliloligusa litang'olewa.

Ng'ambo hakuna chakula. Wote tunajua maana yake.

Watoto tunatunza moto kwa zamu. Zamu yangu ni ya jioni. Simpendi Mama Restuta hata kidogo. Jana alinifokea eti napuliza moto nikiwa nimekaa.

18 Septemba

Mvua. Zamu. Ndizi na maharage bila chumvi.

21 Septemba

Jumapili. Baada ya ibada tulikwenda kumwona mtoto wa Novatus, jirani yetu wa chini. Ana siku chache tu na ana nywele nyingi kuliko baba yake. Novatus ni mtani wa kilima kizima. Alisema, "Huyu ana bahati, hajui chumvi ni nini, hataitamani." Kibanja chake na chetu vilikuwa kimoja zamani, sasa kati yavyo pana mfereji tu.

27 Septemba

Kila jioni Bibi anapakua chakula cha Baba na kukifunika kwa jani. Kila asubuhi nakila mimi. Leo nilimwambia aache, tunajiumiza bure.

"Ukiacha kumwekea mtu chakula umemzika," alisema. Akafunika.

2 Oktoba

Mvua siku nzima. Moto ulitaka kuzima mara mbili. Macho yananiwasha kwa moshi.

4 Oktoba

BABA AMERUDI.

Nilikuwa nimetoka zamu, nimelowa, nakausha gauni jikoni. Nikasikia mtu anaimba nyuma ya nyumba, kwenye migomba, wimbo wa Kinyambo aliokuwa akiniimbia nikikataa kulala. Bibi aliachia mwiko. Baba akatokea gizani amekonda mpaka shati linamzunguka, na begani amebeba mkungu wa ndizi.

Bibi hakulia. Alimshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku kama anayekagua mbuzi mnadani. Mimi nililia kwa niaba ya wote.

"Nimepita njia ya nyuma, ya utotoni," Baba alisema. "Na nisingeweza kuingia kwa mama yangu mikono mitupu."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mwanamume akitoka mbali haingii kwa mama yake bila kitu: sukari, sabuni, hata kiberiti. Bibi aliupokea ule mkungu, akautazama kwa muda, akapitisha kidole pale ulipokatwa. "Asante, mwana wange," akasema. "Umefanya vizuri." Akaanza kumenya.

Majirani walijaa. Baba alisimulia jinsi kila kilima cha huko Kyerwa kilivyofunga njia, jinsi alivyokuwa akilima kwa watu apate mlo mmoja, jinsi alivyotoroka akitembea na kulala kwenye vibanja vilivyokufa. Novatus alicheka na kulia kwa pamoja. Kisha Mama Restuta akaingia, na nyumba ikapoa.

"Karibu nyumbani, Melkiory. Una panga?"

Bibi alijibu kabla ya Baba. "Mtoto ametoka kufa, Mama Restuta, nawe unamwuliza panga?"

Watu wakacheka. Mama Restuta hakucheka. "Kesho alilete langoni," akasema.

Leo chakula cha Baba hakikufunikwa. Alikila chote kikiwa cha moto.

5 Oktoba

Baba alileta panga kwenye zamu yangu. Mama Restuta alikuwepo, akamweleza sheria yote, kijito na mashina.

"Umekata chochote tangu uingie kilimani?"

"Hapana."

"Na ule mkungu?"

"Nilipewa huko Bweranyange, nilisaidia watu kulima."

Panga likaingia motoni, likalia. Nilijivuna. Niliwaza, watu wote waone baba yangu anavyofuata sheria.

6 Oktoba

Sijui niandike vipi.

Bibi alinituma chini kabisa ya kibanja kutafuta majani laini ya kufunikia chungu. Karibu na mfereji nilikuta mgomba uliokatwa mkungu, na utomvu bado unachuruzika. Nguzo tuliyouegemezea mwezi wa nane imelala chini. Mkungu alioingia nao Baba ulikuwa wetu.

Si hivyo tu. Toka pale hadi nyuma ya nyumba majani makavu yamepunguzwa vizuri, shina baada ya shina. Hakuna anayepunguza hivyo isipokuwa yeye. Mkono wa Baba hauwezi kupita kwenye mgomba bila kuutengeneza, hata akiwa anakufa kwa njaa.

Nilimkuta akichonga mpini. "Baba, panga lile ulilitumia njiani?"

Alijua mara moja. Aliweka mpini chini. "Nilikata majani ya kulalia. Kwenye vile vibanja vilivyokufa."

"Kila siku?"

"Kila siku. Mackrine, nilipoingia sikuijua sheria yenu. Nilikuwa sina kitu mkononi, nikaona mkungu wa kwetu umekomaa, nikasema angalau huu."

"Lakini jana uliijua. Uliulizwa ukasema hapana."

Alinitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwake. "Nikivuka kile kijito sirudi tena, mwanangu. Sina nguvu ya mara ya pili. Labda panga halikuwa na kitu. Tungoje tuone. Usimwambie mtu."

Nimekubali. Ni baba yangu. Nilimngoja miezi yote hii.

9 Oktoba

Nimekagua mashina yote aliyoyagusa. Hakuna njano.

11 Oktoba

Hakuna njano.

13 Oktoba

Mvua kubwa. Hakuna njano. Baba amekarabati paa la jiko na kumfundisha Novatus wimbo wa matusi wa madereva wa Rubwera. Nimecheka mpaka nikasahau kwa muda.

16 Oktoba

Mama Restuta ametangaza ratiba ya kazi ya pamoja, kupalilia na kupunguza migomba. Alhamisi tarehe 30 ni kwetu. Watu wote wa kilima watakuja na mapanga.

Siku ya kazi mapanga yanapita motoni asubuhi wakati wa kuingia na jioni wakati wa kutoka. Katikati yanakwenda shina hadi shina bila kusimama. Na kwa kuwa kibanja chetu na cha Novatus vilikuwa kimoja, watu wakimaliza kwetu wanaruka mfereji wanaendelea kwake moja kwa moja. Kama ugonjwa upo, jioni ile utakuwa umeenea kwetu kote na kwa Novatus kote.

Hakuna njano.

19 Oktoba

Hakuna. Nimeomba kanisani, nikajiona mnafiki.

22 Oktoba

Njano.

Jani moja, kwenye mgomba wa tatu toka mfereji. Limelegea na kuvunjika katikati, na rangi yake si ya jani linalozeeka. Nilijiambia ni jua. Hakuna jua, mvua imenyesha wiki nzima. Nilimwita Baba. Alilishika akasema, "Inaweza kuwa ukosefu wa samadi."

Hata yeye hakuiamini sauti yake.

23 Oktoba

Nimeamka, ule mgomba haupo. Umekatwa usawa wa ardhi na kufunikwa nyasi. Baba ana udongo kwenye kucha. Bibi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, anaangalia upande ule. Hakuuliza kitu.

25 Oktoba

Mingine miwili. Mmoja uko ukingoni kabisa mwa mfereji. Baba aliifukia kabla ya mapambazuko.

Mchana Novatus alileta kahawa ya kutafuna, akampa Baba kwa mikono miwili jinsi inavyopewa mgeni wa heshima. "Tangu urudi nimepata mtu wa kutaniana naye," alisema. "Hawa wengine ukiwatania wanaanza kusali." Baba alitafuna kahawa huku akiangalia chini. Mimi nilitoka nje. Sikuweza kukaa.

28 Oktoba

Nimemwambia Baba kwamba keshokutwa watakuja.

"Nitasema naumwa, waahirishe."

"Mama Restuta haahirishi. Hata siku ya mazishi ya mume wake kazi ilifanyika."

"Basi nitatangulia kwenye ile sehemu mwenyewe. Nitasema nimeshaimaliza."

"Watapita tu, Baba. Na mtoto wa Novatus atakula nini?"

Mvua ilipiga mabati. Kisha akasema kwa hasira, "Unataka kunifukuza?" akatoka bila kufunga mlango.

Miezi yote hii nilikuwa na baba mkubwa kichwani mwangu. Anavuka mito, anapigana na watu njiani, anarudi. Huyu aliyerudi ana hofu kama mimi. Namwonea huruma na nimemkasirikia, vyote viwili, na sijui nianze na kipi.

29 Oktoba

Sijala. Bibi aliniwekea chakula akakifunika kwa jani.

30 Oktoba

Mkono unaniuma lakini nitaandika yote.

Walifika asubuhi na mapema, mstari mrefu, wamejifunika magunia kwa ajili ya manyunyu. Moto wa mlangoni kwetu ulikuwa wangu, kwa sababu siku ya kazi moto hutunzwa na mtoto wa nyumba. Baba alikuwa amesimama karibu na jiko na jembe mkononi.

Wa kwanza alikuwa Novatus. Aliimba ule wimbo wa Rubwera, akaruka mistari mibaya kwa sababu ya watoto. Nilichukua panga lake, nikaliweka motoni. Likawa la moto. Nikadondosha maji, likalia. Sikumrudishia.

"Nipe, Mackrine, kumekucha."

"Usiingie."

"Nini?"

"Usiingie. Mtu yeyote asiingie."

Mama Restuta alitoka nyuma ya mstari. "Sema kwa sauti, usimung'unye."

"Kibanja chetu kina mnyauko."

Manyunyu yalisikika yakigusa magunia. Mwanamke mmoja alirudi nyuma kama nimesema kuna simba.

"Umeuona lini?"

"Wiki iliyopita."

"Umeingiaje?"

Nilikuwa nimejipanga usiku kucha kusema lile neno, na halikutoka. Nilimtazama Baba. Angeweza kusema ni wapita njia. Angeweza kusema ni mimi nimeota. Watu wangemsikiliza, ni mtu mzima.

Aliegemeza jembe ukutani, akaja akasimama kando ya moto wangu.

"Ni panga langu. Mliniuliza nikasema sikukata. Nilikata. Ule mkungu ulikuwa wa Mama, na nilipunguza majani njia nzima. Iliyoanza kuugua nimeifukia mimi. Mtoto aliniambia niseme, nikakataa."

"Nilijua," sauti ilisema mlangoni. Ilikuwa ya Bibi. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, sijui tangu saa ngapi. "Jioni ileile nilijua. Mkungu ule niliuegemezea nguzo kwa mikono yangu, nisiujue? Lakini mwanangu alikuwa ametoka mbali, hakutaka kuingia mikono mitupu. Nikashindwa kumwaibisha mbele za watu. Kisha nikashindwa na siku zilizofuata."

Novatus alikuwa bado amenyoosha mkono kungoja panga. Akaushusha. "Mimi nina mtoto mchanga, Melkiory," alisema. Hilo tu. Hakutania.

Nilingoja Mama Restuta apige kelele. Hakupiga, na hilo lilinitisha zaidi. "Onyesha ulipopita," alisema.

Baba alionyesha shina moja baada ya jingine, hata yale ambayo mimi sikuyaona. Watu waling'oa yote, na yale yaliyopakana nayo, na ya Novatus yaliyo ukingoni. Walikuwa wakirudi na majembe motoni kila shina. Nilichochea mpaka nyusi zikaungua. Machipukizi niliyoyapanda mwenyewe yalikatwakatwa yakatupwa shimoni. Walipomaliza, ukisimama mlangoni kwetu unaiona nyumba ya Novatus yote, hata kamba ya nepi. Zamani tulikuwa hatuioni.

Kisha Baba akapewa mkeka, dumu la maji, kikapu cha viazi na panga lake. Watu wote walimsindikiza hadi kwenye kijito. Nilidhani atakuwa amenikasirikia. Alinifunga vizuri gunia shingoni nisilowe.

"Ningoje langoni," alisema. "Safari hii nitapita langoni."

Akavuka. Maji yalimfika magotini.

Namchukia Mama Restuta. Namchukia Novatus. Najichukia mimi kuliko wote.

31 Oktoba

Sikwenda zamu. Mama Restuta alikuja mwenyewe mpaka kitandani kwangu. "Zamu yako iko palepale," alisema. "Usichelewe."

Nilikwenda.

2 Novemba

Kuna moshi ng'ambo, kwenye kibanda cha zamani cha wachunga ng'ombe. Ni wake. Nimeutazama mpaka giza.

Sheria inasema chochote cha ng'ambo kisivuke kuja huku. Haisemi chakula kisivuke kwenda kule. Bibi ameigundua hiyo nafasi. Amepakua, amefunika kwa jani, nami nimekwenda kukiweka juu ya jiwe katikati ya kijito. Nusu ya kibanja imekwenda, kwa hiyo tumegawana kilichobaki. Bibi anasema hana njaa. Bibi ni mwongo.

6 Novemba

Njano, shina moja, ndani ya kibanja chetu. Limeng'olewa mchana, watu wote wakiona. Novatus haongei nasi.

10 Novemba

Moshi. Mvua. Moshi.

14 Novemba

Senene wameshuka! Tuliamka alfajiri, majani yote ya kilima yanatikisika kwa hao panzi wa kijani. Zamani tulikuwa tunawafuata kwenye taa za barabarani, sasa tunawaokota kwenye nyasi zenye umande kama mabibi zetu. Nilijaza kikapu, nikajikuta kwenye kijito.

Baba alikuwa ng'ambo, naye anaokota. Amejifunga kitambaa kichwani, mashavu yamezama. Tulitazamana. Aliinua juu kifurushi cha senene aonyeshe kwamba ni changu, nami nikarudi nyuma, kwa sababu senene hufungwa kwenye jani la mgomba. Kama angenirushia, ningelazimika kukiacha kiangukie majini.

Hakikuwa jani. Alikuwa amesuka kikapu kidogo cha nyasi. Na hakukirusha. Alikionyesha tu, akakaa, akaanza kuwala mmoja mmoja akinitazama, nami nikakaa nikala wangu. Tulikula pamoja hivyo, maji yakipita katikati.

20 Novemba

Hakuna moshi.

21 Novemba

Hakuna moshi. Chakula cha jana kiko palepale juu ya jiwe, kimelowa.

22 Novemba

Hakuna moshi. Nimeita mpaka sauti imekauka. Nilitaka kuvuka. Niliingiza mguu mmoja majini. Mkono ulinishika nyuma ya gauni, ukanivuta. Alikuwa Mama Restuta.

"Ukivuka hurudi mpaka mvua zikatike, na moto wa jioni utatunzwa na nani?"

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Alisikiliza yote. Kisha akafungua pindo la khanga yake, akatoa kifundo kidogo cha karatasi ya duka. Chumvi. Chumvi kweli! Sijaiona tangu mwezi wa saba.

"Ni homa," alisema. "Usiku nilimsikia akikohoa. Weka hii kwenye uji mwepesi, uweke juu ya jiwe, umwite kwa jina lake, si Baba. Mgonjwa huamka akiitwa jina lake."

"Ulimsikia usiku? Ulikuwa unafanya nini hapa?"

"Ninakuja kila usiku," alisema. "Unadhani nalala?"

Nilimwita. Melkiory! Melkiory! Niliona aibu, kisha sikuona tena. Alitoka akitambaa. Alifika kwenye jiwe. Alikunywa.

23 Novemba

MOSHI. Mdogo, lakini ni moshi.

30 Novemba

Hakuna njano. Moshi upo.

7 Desemba

Hakuna njano. Mtoto wa Novatus amebatizwa na katekista, anaitwa Gaudiosus, jina kubwa kuliko yeye. Hatukualikwa. Bibi alivaa kitenge chake akaenda vilevile, na hakuna aliyethubutu kumwondoa.

13 Desemba

Asubuhi tumekuta mkungu mlangoni, na Novatus amesimama mbali kidogo anajikuna kichwa. Bibi aliukagua mkungu, akapitisha kidole pale ulipokatwa.

"Huu si wangu," alisema.

Novatus alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Sikujua kwamba nilikuwa nimekitamani kiasi hicho kile kicheko.

19 Desemba

Manyunyu kidogo, basi. Hakuna njano, kwetu wala kwa Novatus.

24 Desemba

Hakuna mvua. Nilimwuliza Mama Restuta kama zimekatika. Alitazama mbingu akasema bado. Sijamchukia leo. Macho yake yalikuwa mekundu kama yangu, na si kwa moshi tu.

28 Desemba

Leo wakati wa ibada Mama Restuta alisimama akasema neno moja: "Zimekatika." Kisha akakaa. Niliondoka kanisani nikikimbia, viatu mkononi, nikapita nyuma ya kanisa nikamwita Baba kwa sauti kwamba zimekatika.

Nilichochea moto wa lango mpaka mabati yakapata joto. Watu walianza kukusanyika, hakuna aliyewaita. Bibi alikuja na kigoda chake. Novatus alikuja na mtoto. Hakuna aliyeshuka kijitoni, kwa sababu Baba alisema atapita langoni.

Alichelewa. Njia ya lango ni ndefu, inazunguka kilima kizima, na nilianza kuogopa kwamba miguu imemshinda. Ile ya nyuma, ya utotoni, ingemfikisha nyumbani zamani.

Jua lilikuwa limeanza kushuka alipotokea kwenye kona. Amekonda zaidi kuliko mara ya kwanza. Alitembea polepole kwa sababu kichwani alikuwa amebeba mzigo mkubwa wa kuni. Kuni kavu. Mvua zote hizi, kule ng'ambo, alikuwa akizikata na kuzihifadhi ndani ya kibanda huku yeye mwenyewe akilowa.

Alizitua kando ya moto wangu. "Sikuweza kuja mikono mitupu," alisema.

Bibi aliinuka kwenye kigoda. Watu wakasogea. Baba alinitazama, akanyoosha mikono yote miwili, na kila kitu ndani yangu kilitaka kuruka.

"Panga kwanza, Baba," nikasema.

Alilichomoa kiunoni akanipa kwa mikono miwili. Nilichukua kuni zake, nikaongeza motoni, nikaliweka panga katikati. Nilingoja mpaka likabadilika rangi, nikangoja tena kidogo, kisha nikadondosha maji.

Lililia kwa sauti, wote walisikia. Nikamrudishia panga lake, nikamkumbatia.